Ist inawaka vizuri, baada ya sekunde chache inazima. Mafundi watatu, majibu matatu

#1 mkaa_temboni
Wakuu heshima kwenu.

Nina Toyota Ist ya 2004, injini 1NZ, cc 1496, auto. Wiki ya pili sasa ina mchezo mmoja. Asubuhi napiga stata inawaka mara moja, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda mpaka 1500 hivi, halafu unaanza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia: 900, 600, 400, bodi inatikisika, kimya. Nawasha tena, hivyo hivyo. Mara ya nne au ya tano ndiyo inashika. Ikishashika naenda nayo Posta na foleni yote ya Ubungo bila tatizo. Jioni ikiwa bado ya moto inawaka kama mpya.

Historia kidogo. Betri ilikufa, nikafunga mpya siku ya Jumanne. Tatizo likaanza Jumatano. Ila pia Jumapili ya nyuma yake nilijaza mafuta kituo ambacho sikuzoea. Taa ya chek injini haiwaki.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Nimebadilisha zote nne, wapi. Wa pili kasema pampu ya mafuta. Wa tatu kasikiliza akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, hakunyanyuka, akasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa niandae laki tatu na nusu. Hapo ndipo nikaona nije kwenu.

#2 Kichwa Maji
Fundi wa tatu anajenga nyumba, yuko kwenye hatua ya lenta, muelewe.

#3 babu_spana
Kabla hujanunua kitu chochote, jibu maswali mawili. Inapoanza kushuka, ukikanyaga resi kidogo inabaki hai au inazima hivyo hivyo? Na throto yake (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ni ya waya au ya umeme?

#4 mkaa_temboni
Mzee ahsante. Nikiishikilia kwenye 1500 haizimi kabisa. Nikiachia inashuka, inazima. Baada ya dakika tatu nne nikiachia inabaki. Throto ina waya, nauona ukivutwa nikikanyaga.

#5 babu_spana
Basi plagi zako za zamani zilikuwa nzima, kaziokote kama fundi hajazitupa. Gari isiyo na moto wa plagi au isiyo na mafuta haikubali kuishikilia kwa resi namna hiyo.

Kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga resi) kile kipepeo cha throto kimefunga. Hewa ya kuifanya injini ipumue inapita pembeni, kwenye vali ndogo ya silensa iliyo chini ya throto bodi, na kontroli boksi ndiyo inaifungua na kuibana. Miaka inavyokwenda njia hiyo inajaa masizi. Kontroli boksi inaona hewa inapungua, inaifungua vali zaidi, kidogo kidogo, na kile kipimo inakihifadhi kichwani. Wewe huoni chochote. Siku unachomoa betri, kumbukumbu inafutika, boksi inarudi kwenye kipimo cha kiwandani, na kwa kipimo hicho uchafu wa miaka ishirini haupitishi hewa ya kutosha. Injini ya baridi inataka hewa nyingi zaidi, kwa hiyo asubuhi ndiyo inalia.

Vua throto, safisha pamoja na hiyo vali. Usibadilishe kitu.

#6 PampuNiMoyo
Kwa heshima zote mzee, Jumanne na Jumatano isikuvuruge. Mimi Premio yangu ilifanya hivi hivi na ilikuwa pampu. Pampu ikichoka inatoa mafuta ya kutosha kuwasha, halafu haifikishi presha ya kuendelea. Mleta mada nyanyua kiti cha nyuma, pampu iko pale chini. Fungua swichi bila kupiga stata uweke sikio, ukisikia "zzzz" sekunde mbili ni nzima. Kimya maana yake imekufa.

#7 Asha wa Nozeli
#6 hilo la "zzzz" litamponza mtu. Toyota nyingi za miaka ile pampu haisukumi ukifungua swichi tu. Inaanza stata inapozunguka. Nimeshaona watu wanauziwa pampu kwa kipimo hicho hicho cha sikio. Kinachopima pampu ni geji ya presha, na 1NZ inatakiwa ikupe psi 44 mpaka 50. Fundi asiye na geji anabahatisha.

(Ndiyo, mimi ni mwanamke, ndiyo, niko gereji, tusipotezeane muda.)

#8 Kichwa Maji
Dada #7 hakuna aliyeuliza lakini tumekuelewa.

#9 Asha wa Nozeli
Huwa mnauliza kwenye posti ya pili. Nimewahi.

#10 PampuNiMoyo
Sawa, geji. Lakini pampu yangu ilikuwa mbovu kweli, hilo halibadiliki.

#11 dereva_wa_jioni
Nipo hapa nasubiri madini, Vitz yangu imeanza dalili.

#12 kisima_cha_ngamia
Jamani huyu mtu kasema kabisa alijaza mafuta kituo kipya na hakuna aliyegusa. Mafuta yana maji au yamechanganywa na mafuta ya taa. Nimemaliza.

#13 wa_Kirinyaga_Road
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu uchakachuaji ulikuwa balaa, ndiyo maana 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, bei ikakaribia ya dizeli na petroli. Kabla ya hapo ukipeleka gari kwa mekanika anaanza kwa kunusa tangi.

#14 mtafiti_wa_vijiweni
Huku bongo tulitangulia. Vinasaba vya EWURA (alama ya mamlaka ya nishati ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) vimeanza kuwekwa 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata. Ila mkumbuke kilichokuwa kinachakachuliwa zaidi ni dizeli. Petroli yenye mafuta ya taa ingesumbua kutwa nzima, ingegonga hata kwenye kilima. Haiwezi kuchagua asubuhi tu.

#15 kisima_cha_ngamia
Na maji je? Maji yanatulia chini ya tangi usiku kucha, asubuhi ndiyo pampu inayavuta kwanza. Ukishatembea yanatikisika yanachanganyika. Asubuhi tupu hiyo, mkuu.

#16 mtafiti_wa_vijiweni
Hapo umenibana kidogo.

#17 Asha wa Nozeli
Ni rahisi kujua. Vua mpira wa mafuta, toa kidogo kwenye chupa safi ya maji, iache dakika kumi. Kama kuna maji yatakaa chini na mstari utauona. Fanya injini ikiwa ya baridi, na asiwepo mvuta sigara karibu.

#18 yakhe_wa_Darajani
Mie niko Unguja. Huku kwetu gari zaliwa na chumvi. Nilikuwa na gari yawaka yazima vivi hivi, nikabadilishiwa sensa mbili, kumbe waya wa ethi (ule wa negativu) unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi umeoza ndani ya mpira wake. Nje wauona mzima, ukiukunja watoa unga wa kijani. Mleta mada kafunga betri mpya juzi tu, nani aliyekaza zile klempu? Anza hapo, ni bure.

#19 mkaa_temboni
Nimezikaza sasa hivi kwa spana namba 10. Moja ilikuwa inazunguka kwa mkono. Nilipata moyo kweli. Nimesubiri ipoe, nimewasha... 900, 600, 400, kimya.

Mafuta nimeyaangalia kwenye chupa ya lita moja. Hayana mstari. Mke wangu kaniuliza kwa nini naangaliana na chupa ya petroli saa tatu usiku.

#20 Kichwa Maji
Mwambie ni madini.

#21 Mlinzi_Zamu
Kuna kitu hamjakitaja: kengele. Gari nyingi hapa mjini zimefungiwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari, na yule aliyefunga alikata waya wa pampu akaweka rilei yake (swichi ndogo ya umeme) katikati. Ile rilei ya bei ya chai ikichoka, gari inawaka, inakata. Noah ya bosi wangu ilitusumbua miezi miwili. Gereji moja tuliyopeleka walibadilisha pampu, filta na nozeli mbili (vinyunyizio vya mafuta), tukalipa, tukaondoka, ikazima getini kwao. Kijana wa kufunga redio ndiye aliyeona waya umeunganishwa kwa gundi ya umeme chini ya usukani.

#22 babu_spana
#21 umesema jambo la maana, ila dalili yake ni tofauti. Rilei ikikata, injini inakatika pwaa, kama umezima swichi. Ya huyu inashuka taratibu. Hali kadhalika swichi ya ufunguo iliyolika: ukiwa kwenye stata inawaka, ukiachia tu ufunguo unarudi nyuma inazima hapo hapo. Wenye mafungu ya funguo yenye kilo nzima, na opena ya bia juu, hilo linawahusu.

#23 dereva_wa_jioni
Nimetoa opena.

#24 fuko_la_nyaya
Na immobilaiza? Ufunguo usipotambuliwa gari inawaka sekunde moja inakata.

#25 Asha wa Nozeli
Kwa magari mengine ndiyo. Hii yake inashika mara ya tano na kuishikilia kwa resi inakubali. Immobilaiza haibembelezwi kwa resi. Mzee #5 nakubaliana na throto, lakini soketi ya sensa ya hewa nayo ichomolewe uone. Ile MAF inayokaa baada ya eya klina (chujio la hewa), yenye waya tano. Ikidanganya kiasi cha hewa inayoingia, boksi inapima mafuta kwa uongo. Ukiichomoa boksi inatumia makadirio yake. Gari ikitulia baada ya kuichomoa, basi mshukiwa umempata.

#26 mkaa_temboni
MREJESHO. Jumamosi nilikwenda kwa fundi wa nne, kijana mdogo, kavua throto mbele yangu. Ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia kuni, ukipitisha kidole kinatoka na lami. Ile vali ya silensa kaipulizia mpaka maji meusi yakaisha, kaizungusha kwa bisibisi nyembamba ikawa inateleza. Elfu 25 pamoja na dawa ya kopo. Karudisha, kaiacha iungurume dakika kumi bila AC na kumi nyingine na AC, kasema "inajifunza upya".

Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: stata moja, 1500, inashuka mpaka 700 na inakaa pale. Babu Mungu akuweke.

#27 babu_spana
Haya. Mpe huyo kijana wateja.

#28 dereva_wa_jioni
Wakuu naomba namba yake pm.

#29 PampuNiMoyo
Hongera, ila msifunge uzi. Nasubiri tu.

#30 mkaa_temboni
Alhamisi. Imezima. Na sasa taa ya chek injini imewaka.

#31 PampuNiMoyo
Sikusema kitu.

#32 Kichwa Maji
Umesema, tumekusikia mpaka huku Mbagala.

#33 mkaa_temboni
Nimepima na kile kidude cha bluutuuthi cha rafiki yangu, kinachosoma hitilafu za gari. Kimetoa msimbo mmoja tu: P0171. Maelezo yake ni kwamba mchanganyiko una mafuta kidogo, hewa nyingi.

#34 fuko_la_nyaya
Hiyo ni sensa ya oksijeni kwenye egzosi. Badilisha.

#35 babu_spana
La hasha. Sensa ya oksijeni ndiye aliyetoa taarifa. Unataka kumfunga mpelelezi ukamwacha mwizi?

P0171 maana yake mafuta hayalingani na hewa. Ama kuna hewa inaingia mlango wa uani ambayo sensa ya MAF haijaihesabu, ama MAF inahesabu pungufu, ama mafuta yanakuja machache. Na sasa naelewa kwa nini ni asubuhi tu. Injini ikiwa baridi ile sensa ya oksijeni haijapata joto, boksi haiisikilizi, inakwenda zaidi kwa hesabu ya MAF na ya sensa ya joto la maji. Ikipata moto, oksijeni inaamka na kusema "ongeza mafuta", kosa linafunikwa. Kosa lipo kutwa nzima. Asubuhi ndipo linapokosa wa kulifunika.

Kwangu mimi ni hewa ya uani. Kijana alipovua throto kuna mpira mdogo amerudisha vibaya au umepasuka. Angalia ule mpira wa pumzi ya oili unaotoka kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini).

#36 Asha wa Nozeli
Hapo ndipo tunapoachana mzee wangu. Mpira ungekuwa umevuja, siku nne zile zisingekuwepo. Na hewa ya uani kwa kawaida inapandisha silensa, gari inahema juu. MAF ile. Waya wake ni mwembamba kama unywele, eya klina ikiwa mbovu unapata utando wa vumbi, unapima hewa pungufu. Naomba mleta mada aangalie eya klina yake aseme ukweli.

#37 mkaa_temboni
Aibu hii. Eya klina nimeitoa, kuna jani la mwembe ndani.

#38 yakhe_wa_Darajani
Jani zima?

#39 mkaa_temboni
Na kijiti chake.

#40 PampuNiMoyo
Pampu dhaifu pia inatoa P0171. Nasema tu. Injini ya baridi inataka mafuta mengi kuliko ya moto, na pampu haina ya kutoa. Babu mwenyewe kasema "ama mafuta yanakuja machache". Mnasoma sehemu mnazozipenda.

#41 babu_spana
Hilo kanishika, kweli nimesema. Ndiyo maana geji.

#42 mtafiti_wa_vijiweni
Kupima uvujaji wa hewa, fundi wangu anapulizia dawa ya kabureta pembeni mwa manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) injini ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja.

#43 Asha wa Nozeli
Na egzosi ya moto iko jirani. Nimeona nyusi za mtu zikiondoka kwa kipimo hicho. Tumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, yakinyonywa utasikia.

#44 mama_wawili_Goba
Samahani naingilia, mimi sijui magari. Panya je? Ya kwangu panya walikula waya wa nozeli, fundi alikuta na ganda la karanga.

#45 Kichwa Maji
Jani la mwembe, ganda la karanga. Bado kikombe cha chai tule.

#46 fuko_la_nyaya
Sensa ya joto la maji hamjaigusa. Ikikwama kwenye "moto" wakati injini ni baridi, boksi haiongezi mafuta ya asubuhi. Ina waya mbili, pima kwa mita: kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kama kilo-omu mbili hadi tatu. Hapo sitaki kubishiwa.

#47 babu_spana
Hubishiwi. Safari hii umesema.

#48 wa_Kirinyaga_Road
Mkinunua MAF msiingie ile mpya ya bei ya mandazi. Ni afadhali ya mtumba iliyotoka Japani, namba 22204-22010. Hiyo imefungwa kwenye Toyota nyingi sana, Kirinyaga Road imejaa, na huko kwenu nadhani Ilala.

#49 mkaa_temboni
Shauri Moyo, hapo hapo Ilala, zipo, nimeuliza. Wa kwanza kaniambia elfu 90, wa pili elfu 60, wa tatu kaniangalia viatu akasema laki na ishirini.

#50 Asha wa Nozeli
Usinunue kabla ya kuosha uliyonayo! Kopo la dawa ya MAF, pulizia, usiguse kwa kitambaa wala pamba, iache ikauke. Dawa ya breki watu wanatumia, mimi siishauri.

#51 mkaa_temboni
MREJESHO WA MWISHO (natumaini).

Jana nilichukua likizo ya siku moja, nikaenda kwa yule kijana saa mbili asubuhi gari ikiwa imevutwa, haijawashwa, ili aione ikiwa baridi. Amepulizia maji ya sabuni. Ule mpira wa pumzi ya oili una ufa kwa chini, pale unapojikunja, huuoni mpaka uubinye. Kaubadilisha, elfu 8. MAF kachomoa soketi, gari ikatulia kidogo, si sana, akasema "nusu nusu". Nimefunga ya elfu 60 na eya klina mpya. Geji aliiazima jirani: presha psi 41.

#52 PampuNiMoyo
41! Asha alisema 44 mpaka 50! ARUBAINI NA MOJA!

#53 Asha wa Nozeli
Geji ya kuazima kwa jirani, sijui ilipimwa lini mara ya mwisho. Ila ndiyo, ni chini.

#54 mkaa_temboni
Pampu sikubadilisha, hela ilikuwa imeisha. Filta yake tu ndiyo imesafishwa. Leo asubuhi stata moja, 1500, ikashuka mpaka 700, ikakaa. Taa imezimwa kwa kidude, haijarudi. Kwa hiyo sijui kama ni mpira, MAF, jani au filta.

#55 babu_spana
Ungefanya kimoja kimoja tungejua. Nilitabiri mpira, lakini siwezi kudai. Rudisha MAF ya zamani asubuhi moja uone.

#56 mkaa_temboni
Babu, yaani nilipe mtu nusu mshahara aondoe tatizo, halafu nilirudishe mwenyewe kwa ajili ya uzi?

#57 babu_spana
Kwa ajili ya elimu.

#58 Kichwa Maji
Mke wake atatuua.

#59 PampuNiMoyo
Nawasubiri siku ya nne.

#60 dereva_wa_jioni
Mkuu mleta mada, ile MAF uliyovua bado unayo? Vitz yangu leo imezima mara mbili, nikupe elfu 20.